Kipande cha Leso Kilichofika Nepali

Dada Mishi,

Shikamoo. Uliapa kwamba nitageuzia Likoni, hata feri nisipande. Basi kadi hii yatoka Kathmandu, na kesho inshallah twaanza kupanda kuelekea kambi iliyo chini ya mlima Everest.

Baridi ya huku haisimuliki. Yale mafuta ya nazi uliyonipa nichulie magoti yameganda ndani ya chupa, meupe pe. Leo mwongozaji wetu alipoumwaga mkoba wangu sakafuni ili aupunguze uzito, alidhani ni mshumaa! Akayaweka kando. Achari ya embe nayo akaiweka kando, lakini baada ya kuionja mara mbili.

Chini kabisa akatoa leso. Mimi sikuipakia. Ni ile doti yako mpya, uliyonikataza hata kuigusa, kumbe umeikata na kunitilia kipande kimoja. Na vile ulivyokuwa ukinicheka!

"Hii nayo ibaki," akasema. Nikamwambia heri atoe koti. Nikajifunga leso kichwani, nikakaa juu ya mkoba. Akacheka, akatoa viatu vyangu vya akiba.

Nisalimie mama, umwambie nala vizuri. Kipande kilichobaki huko usikivae, dada. Kiweke mpaka nirudi, tuvae sare tukamwamkie pamoja. Akiuliza ni nani aliyeikata doti mpya kwa ajili ya mtu wa kugeuzia Likoni, nitakusitiri.

Mdogo wako,
Mwanasha