Ukuta wa Ndiva Umetoa Tumbo

Alhamisi. Ukungu umekaa mlimani tangu asubuhi, wala mji wa Same huko chini hauonekani. Ninaandika kwa herufi zangu za kisomo cha watu wazima.

Ninaogopa.

Ndiva yetu, bwawa letu la kumwagilia, huzibwa jioni ikajaa maji ya kijito, na asubuhi huzibuliwa mashamba yakanywa. Ndivyo tulivyokuta kwa wazee. Mwaka huu tumekuwa kijiji cha ujamaa, tuna shamba kubwa la pamoja, na maji hayatoshi. Basi ikapigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, tukatoka wote, tukauongeza ukuta kimo. Hata mimi nilibeba udongo kichwani, nikaimba.

Ila tuliupandishia udongo mbichi, na hatukuuacha ukauke. Maharage ya kijiji yalikuwa yanaanza kutoa maua, kila mtu akawa na haraka. Jioni ile ile tukaziba.

Sasa ukuta umetoa tumbo upande wa bondeni.

Mwanzo nilijipa moyo. Nikasema labda ni kama fimbo mbichi: ukiipinda inajikunja, ukiiachia inarudi. Maji yakitoka, na ukuta utarudi. Jana mchana, ndiva ikiwa tupu, nikachomeka kijiti mbele ya lile tumbo, nikaacha nafasi ya kiganja. Leo asubuhi maji yalipokwisha kutoka nikaenda kutazama. Ukuta umekilalia kijiti.

Maji hayapo, na bado haujarudi. Nimefinyanga vyungu tangu usichana wangu. Udongo mbichi ukiubonyeza unabaki pale pale ulipousukuma, na ukizidi kuubonyeza unapasuka.

Chini ya tumbo lile ipo nyumba ya mwanangu Elieza. Mkewe, Namsifu, amejifungua majuzi, na mimi mwenyewe ndiye niliyemkataza kuvuka kizingiti hadi arobaini yake iishe.

Nilimfuata Elieza shambani. Yumo kwenye kamati ya maji.

"Mama, ukuta ule umejengwa na kijiji kizima," akaniambia.

"Na kijiji kizima kimekosea. Msizibe leo."

Akacheka. "Sasa unataka tuuchome moto kama chungu chako?"

"Nataka umtoe mkeo pale chini, mpumbavu wewe!"

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye akainama akaendelea kulima. Nadhani aliona haya kunisikiliza mbele yao. Nilimnyonyesha mtoto yule mpaka akaota meno ya kuniuma, leo ananionea haya.

Nikaenda mwenyewe. Namsifu alipoambiwa atoke akaanza kulia, akisema, "Mama, si wewe uliyesema ni mwiko?" Nikamwambia ndiyo, mimi, na sasa mimi nasema simama. Nikamfunika kitenge kichwani, nikambeba mtoto kifuani. Njiani jirani yao wa kule chini akapaza sauti: "Hee! Mzazi wa juzi unamtoa kwenye ukungu?" Nikamjibu anayeshika mwiko ni aliye hai, na yeye akusanye watoto wake apande juu. Hakupanda.

Sasa wako kwangu. Namsifu anakunywa uji, mtoto amelala, ana pua ya marehemu babu yake. Nilidhani nikishawaleta hawa moyo utatulia.

Haukutulia.

Elieza amepita hapa jioni hii kumwona mtoto. Nikamsihi alale kwangu. Akasema mjumbe wa kamati akiihama nyumba yake, kesho nani atakubali kuziba? Akambusu mtoto, akashuka. Ndiva imeshazibwa. Nasikia maji yanaingia.

Je, nikienda kuizibua, kumbe nimekosea? Ukuta ukisimama na maji nimeyamwaga, mashamba yatakosa zamu, maharage yatapukutisha maua, na kijiji kitanitemea mate. Asiye na zamu haruhusiwi kugusa kizibo. Faini yake ni mbuzi, na ninaye mmoja tu, yule wa maziwa ya Namsifu.

Nimefikiri hivyo mpaka wino unakauka kwenye kalamu. Maji yanaongezeka.

Jembe liko mlangoni. Nakwenda kuzibua sasa hivi, bado kuna mwanga. Mbuzi wamchukue. Elieza ninaye mmoja.