Kanda za Baba

Dayton, 14 Septemba 1997

Kwako kaka yangu mpendwa Emmett,

Natumaini baridi ya Alaska haijakushinda. Mimi nimehitimu sheria kwa daraja la juu, na tayari nimeajiriwa katika ofisi yenye heshima hapa mjini.

Kila jioni mimi na Baba hutazama kanda zake za besiboli ya zamani, kama tulivyofanya sote utotoni. Juzi mrushaji alifika katikati ya mchezo bila mpinzani yeyote kufaulu kuupiga mpira wake, jambo ambalo, kama ujuavyo, halitajwi hadi mchezo uishe. Nikajisahau, nikalitaja.

"We mwanasheria, nyamaza! Utamtia nuksi!"

"Baba, mchezo huu ulichezwa kabla sijazaliwa."

"Mdomo wako unafika mbali, nakujua!"

Tulicheka hadi maumivu yakamshika. Hapo ndipo ninapolazimika kuivunja amri yake. Baba ana saratani ya ini, na daktari hatarajii kwamba ataiona Krismasi. Alinikataza kukuandikia, kwa imani ileile kwamba lisilotajwa haliharibiki. Nimemtii tangu Julai, na bado amezidi kudhoofu.

Jana, mpigaji alipojiandaa kuupokea mpira, aliisimamisha kanda ghafla, kama enzi zile ulipokuwa mrushaji. "Emmett angemrushia huyu mpira gani?"

Nilijibu kwa kirefu.

"Sikukuuliza wewe, mama," akasema kwa upole, akakataa kanda iendelee.

Njoo umjibu, kaka, maadamu bado anauliza.

Dada yako akungojaye,
Verna