Kitambaa cha Ovaroli Yako

Mwandiga,
Ijumaa, 9 Julai 1999

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeapa kukueleza yote, hata yale ambayo Baba Mdogo amenikataza. Mgongo wako unaendeleaje? Bibi bado anakohoa? Sisi miili ni mizima, ila mimi nina hasira, na utaiona kwenye mwandiko.

Unajua Baba Mdogo anaendesha lori la tajiri mmoja wa hapa, kupeleka unga kambi ya wakimbizi. Tangu kiangazi kianze lori limekuwa zito, mlimani linapitwa na baiskeli, na dizeli haikai. Jumatatu tajiri alimwita mwizi mbele ya wapakiaji wote. "Gari haliumwi," alisema. "Anayekunywa dizeli yangu ana miguu miwili." Mwisho wa mwezi atamfukuza arudi kambini. Hapo na mimi nitaacha shule, maana hapa sina mtu mwingine.

Nilikuwa nimesimama pale na madaftari yangu. Nilikumbuka ulivyonifundisha gereji: moshi wa bluu, injini inaunguza oili, mweupe usiokwisha, maji yameingia, mweusi, dizeli imezidi hewa. Nikasema, "Mzee, moshi ni mweusi. Dizeli iliyouzwa haiwezi kutokea kwenye bomba la moshi."

Wapakiaji walicheka. Fundi wa tajiri akasema, "Haya mwalimu, tufundishe." Nikamwomba afungue chujio la hewa. Alifungua kwa dhihaka tu. Chujio lilikuwa limezungushiwa kitambaa cha oili kilichojaa vumbi jekundu, kigumu kama tofali. Walipokitoa, lori lilipanda mlima bila moshi mweusi. Nilidhani yamekwisha. Tajiri akamgeukia Baba Mdogo: "Kumbe uliliziba mwenyewe, ufiche wizi wako." Naye akakiokota kile kitambaa, akakitia kwapani.

Baba, kilikuwa kipande cha ovaroli yako, chenye ule mfuko nilioushona mimi kwa uzi wa njano. Nyumbani nilimbana Baba Mdogo mpaka akasema. Ulimpa wewe siku mimi na yeye tunavuka ziwa kuja huku, ninyi mkibaki, ukamwambia akilowanishe oili kidogo, akifunge kwenye chujio la gari atakalopata kuendesha, kinase vumbi la huku. Hukumwambia akifue wala akibadilishe. "Kaka ndiye aliyenifundisha kazi," akasema. "Simtaji kwa watu hawa."

Nimemkasirikia tajiri, na Baba Mdogo pia. Nawe nimekukasirikia, kwa sababu anaitwa mwizi kwa ajili yako.

Jana nilirudi kwa tajiri peke yangu, nikamweleza kitambaa kilikotoka. Akasema atamwacha Baba Mdogo kazini ikiwa fundi aliyetoa ushauri huo ataandika kwa mkono wake mwenyewe. Sikutegemea hata hilo. Mama Salima, muuza dagaa aliyekuletea barua hii, anavuka kurudi huku Jumatano. Usimwache aondoke mikono mitupu.

Nisalimie Mama, umpe Bibi pole ya kifua, na mdogo wangu mwambie bado namtunzia penseli yake.

Ni mimi binti yako Riziki, ninayekuuliza: utaandika kwamba kosa ni lako?