Swali la Hodan juu ya ini la mbuzi

Jumatano, Takaba

Nilipotoa ini la mbuzi darasani leo, wasichana walicheka wakidhani nimeleta chakula. Nikamimina haidrojeni peroksaidi juu ya kipande kibichi, povu likafurika. Kipande nilichochemsha kilitulia tu.

Hodan, aliyekuwa kimya tangu mama yake, hooyo kama anavyomwita, alazwe kwa homa kali, akainua mkono. "Mwalimu, moto umeharibu nini?"

"Vimeng'enya, vile vinavyoivunja peroksaidi itoe povu. Ni protini; joto likizidi, umbo lake linavurugika na kazi inakwisha."

"Ndiyo maana nesi anampangusa hooyo kwa maji?"

"Ni sababu mojawapo. Anaendeleaje?"

"Alhamdulillahi, leo amekunywa uji."

Nimekuwa na hofu kwamba ataacha shule ili amuuguze. Bado ninayo kidogo. Lakini kengele ilipolia wenzake wakatoka, yeye akabaki kuosha vyombo vya maabara, akiniuliza swali baada ya swali.