Sungura Yuko kwa Fundi Cherehani

Baba Watoto,

Chakula kipo jikoni, pasha tu. Anua nguo mvua ikitishia. Binti yako kitindamimba yuko kwa mama yako anapumzika. Mchukue saa kumi.

Sungura usimtafute. Nimempeleka kwa yule bibi fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwenye ua wa majani.

Najua tulikubaliana tumuage wote Jumamosi. Lakini ulipotoka tu nilimkuta binti yako amejifungia stoo, amemkumbatia sungura, kifua kinapiga filimbi. Nikampulizia dawa ya pumu. Alipopata pumzi akaniuliza, “Mama, nikijizoeza kutokohoa, atabaki?”

Nikasema hapana. Sijui nililitoa wapi hilo neno.

Alimweka kikapuni mwenyewe. Njiani hakutoa chozi. Fundi akamwambia, “Njoo umwone siku yoyote, mjukuu wangu.” Akajibu, “Nikija nitaumwa, Bibi. Wewe mwambie tu sijamchoka.” Yule bibi aliinama chini ya cherehani akajifanya anatafuta uzi.

Tafadhali usimwahidi mtoto samaki wala kasuku. ~~Na usilie mbele yake.~~ Lia naye ukitaka. Kwani hatukujui? Mdomoni sungura unamwita “kitoweo”, kumbe mfuko wa koti lako umejaa vipande vya karoti.

Dawa ya pumu iko juu ya friji.

Kizimba kitoe wewe kabla hajarudi. Nimekishika mara mbili, mikono imekataa.

Mama Watoto