Plagi Ndefu za Pikapu ya Mzee Gichuhi

Kitengela,
Jumapili, baada ya kanisa

Mama Mwende,

Salamu zangu zikukute ukiwa mzima, wewe na watoto wetu. Kile kikohozi cha Mwende kimeisha? Na mama yangu, goti linamruhusu kufika mtoni, au bado anajikaza tu na kusema ni sawa? Mimi huku mwili uko salama. Roho ndiyo haiko salama, na leo nitakueleza kwa nini, kwa hivyo kaa chini kwanza. Usisome ukiwa umesimama jikoni.

Unajua kila siku ya soko tunaenda Bissil na pikapu ya Mzee Gichuhi kumnunulia mbuzi wa kuuza huku. Tunaenda wawili, mimi dereva, na Lemayian, yule mzee wa Kimaasai niliyekuambia habari zake. Yeye ndiye anachagua mbuzi. Akimshika mgongoni tu anakuambia kama ni mgonjwa. Nilimkuta kwa hii kazi, na ni yeye alinionyesha kila mtu wa maana huko sokoni.

Sasa mwezi uliopita pikapu ilianza kusumbua. Ikipanda mlima inakohoa, haina nguvu. Nikamwambia Mzee ni plagi zimechoka, zile za kuwasha moto ndani ya injini, nitabadilisha mwenyewe, hakuna haja ya fundi. Akakubali. Aliniamini, Mama Mwende.

Sikiza ujinga wangu. Huku ukienda duka la spea unabeba kitu cha zamani ili wakupatie kinachofanana nacho. Nikafungua plagi moja tu, ile ya mbele, kwa sababu ndiyo rahisi kufikia. Nikaikuta imevalishwa washa mbili, vile vipete vya shaba, kimoja juu ya kingine. Nikasema, lo, mafundi wa huku ni wachafu! Nikavitoa nikatupa, nikaisugua plagi ikang'aa, nikaenda nayo dukani nikitembea kama mwenye mji. Muuzaji akaipima kwa kidole.

"Ziko fupi na ziko ndefu," akasema. "Hii yako ni ndefu. Lakini lete zote nne nione. Haya magari yameshikwa-shikwa na watu wengi."

"Ndugu, mimi si mgeni wa magari," nikamjibu. Akaniuzia ndefu nne.

Kumbe ile ya mbele ndiyo haikuwa ya hiyo injini. Kuna fundi fulani wa zamani alikosa fupi, akaweka ndefu, akaiinua na zile washa mbili ndio isifikie pistoni. Zile tatu zingine zilikuwa fupi, za sawasawa. Nilizifungua haraka haraka nikazitupa kwa mkebe bila kuangalia. Lemayian ndiye aliokota moja, akaiweka kando ya mpya.

"Musyoka, hii mpya iko mrefu kuliko hii ingine," akasema.

Nikacheka. Nikamwambia, "Wewe jua mbuzi, mimi nijue gari." Akairudisha kwa mkebe.

Na gari ikawaka vizuri! Nikajipiga kifua. Tukaenda mpaka Bissil tukapakia mbuzi. Wakati wa kurudi, injini imepata joto na mimi nimekanyaga mafuta, kabla tufike Kajiado nikasikia kitu kinagonga ndani, ka-ka-ka, halafu moshi, halafu kimya. Tulikaa hapo kwa jua, mbuzi wanalia, mpaka Mzee akafika na fundi, maana nilikuwa nimetuma ujumbe na dereva wa lori. Fundi akafungua plagi ya kwanza, ikatoka imepondeka kichwa. Akatoa ya pili, ncha haiko. Akasema hapa pistoni imekwisha, mtu ameweka plagi zisizo za hii gari.

Mzee akauliza, "Nani alinunua hizi?"

Nikasema, "Tulikuwa wawili, Mzee."

Hayo tu. Mzee akageuka, akamwangalia Lemayian, halafu akaniuliza, "Ati ulimtuma huyu dukani? Mtu hata hajui kusoma!"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Neno moja tu. Nikaangalia viatu vyangu. Lemayian hakubishana. Alikuwa ananiangalia, ananingojea niseme, na mimi sikusema. Mzee akamfuta kazi hapo hapo barabarani. Lemayian akachukua fimbo yake na shuka yake, akaanza kurudi upande wa Bissil kwa miguu.

Nilinyamaza kwa sababu ya chumba. Kile chumba cha nyuma chenye stima, ambacho Mzee aliniahidi ndio nyinyi mje shule zikifungwa. Miaka minne tunalea watoto kwa barua! Nikaona nikifungua mdomo, chumba kimeenda. Wiki iliyofuata Mzee akanipa ufunguo. Nimefagia, nimepaka chokaa, nimetafuta hata kitanda. Lakini kulala humo nashindwa. Bado ninalala stoo.

Juzi nilienda Bissil na gari ya kukodi. Nikamwona Lemayian, anashikia watu wengine mbuzi. Nilitaka kujificha, nakuambia ukweli, lakini alikuwa ameshaniona. Akaja mpaka kwa dirisha.

"Sopa," nikamsalimia.

"Epa," akajibu, kama siku zote. Halafu akaniuliza, "Bibi na watoto wamefika?"

Mama Mwende, alijua. Kila safari nilikuwa namwambia habari za hicho chumba mpaka anachoka. Alijua ni kwa nini nilinyamaza, na ndiyo sababu hakujitetea. Nililia ndani ya gari kama mtoto, na watu wanapita.

Kwa hivyo msije. Kuku usiwauze, na shamba usimpe mtu. Kesho asubuhi nitapeleka hii barua posta kwanza, ndio niende kwa Mzee nimwambie yote. Nimepanga hivyo makusudi kwa sababu ninajijua. Nikianza na Mzee nitawakumbuka nyinyi, na nitageuza maneno. Lakini barua ikishaingia kwa sanduku sitaweza kuitoa, na nyinyi hamtakuwa mnakuja, na mimi sitakuwa na sababu ya kunyamaza. Akinifukuza, nitafika nyumbani hata kabla ya barua ingine. Nikasirikie, una haki yako.

Nisalimie mama yangu, lakini haya usimsomee. Nisalimie kaka yako mwenye posho mill ya kusaga unga, na jirani yetu anayekusaidia na maji. Mwalimu wa Mwende mwambie ile barua ya kumhamisha aiweke kwanza. Na Mwende akiuliza ni nani amezuia safari, usimwambie ni Mzee, na usimwambie ni gari. Mwambie ni baba yake.

Mume wako anayekupenda na anayeona haya,
Musyoka