Kwa Garnett Stidham, Aliyekataa Kumpa Muuaji Wimbo

Garnett, mwana wa Carl, mwana wa Hobart, mwana wa Elihu, mwana wa Josiah Stidham aliyechonga kwa shoka mihimili ya kanisa la Bonde la Linden: mwaka umetimia tangu tulipokupandisha mlimani kwa mvua tukakulaza ubavuni mwa Elihu. Tunaanza na majina haya kwa makusudi. Wapo waliosema kwamba hukustahili kulazwa pale. Basi na wasome kwanza ni nani waliokuzaa. Katika hao hakuna aliyemsingizia jirani, wala aliyeingia mgodini siku ambayo wenzake waligoma. Wewe ni wao, na hatutaki kuambiwa vinginevyo.

Uliimba kabla hujajua kusoma. Babu yako Hobart, aliyefundisha shule ya bonde hili mpaka ilipofungwa, na ambaye hata leo ndiye anayeongoza nyimbo kanisani, alikuketisha benchi la mbele ili akuone vizuri. Kanisani kwetu hakuna kinanda wala gitaa. Kiongozi hutupa mstari mmoja, na watu wote huupokea na kuuvuta polepole kama wanaopanda mlima. Wewe, mtoto mdogo usiyefikisha miguu sakafuni, uliupokea mstari kabla babu hajaumaliza.

"Subiri zamu yako," alikukemea mbele ya watu.

"Babu, unachelewa."

Kanisa zima lilicheka. Yeye hakucheka. Lakini walipofika nyumbani alimwambia bibi yako Ola, akiwa amefunga mlango, kwamba mtoto alisema kweli.

Uliponunua gitaa, babu yako alikuamuru lisivuke baraza. Likavuka, likafika Nashville, jiji la wanamuziki. Nyimbo zako zilikuwa za kantri, ila ulizitia ngoma nzito na vinanda vya umeme mpaka wazee wa hapa wakasema umetia sukari kwenye mkate wa mahindi. Babu yako alikuwa mmoja wao, na alikuambia usoni, si mgongoni.

"Lakini wanaula, babu," ulimjibu.

Waliula kweli. Tulikusikia kwenye redio za malori, madukani, na kwenye harusi za watu ambao hawakujua milima hii iko wapi. Hata hivyo kila Agosti ulirudi kwenye maonyesho ya wilaya, ukaimba jukwaani katikati ya mabanda ya ng'ombe, na shati lako la kumetameta, na ile kofia nyeupe ambayo kila mtu aliijua. Ukimaliza ulikuja nyumbani, ukaivunjavunja mikate ya mahindi ya bibi yako ndani ya glasi ya maziwa, ukala kwa kijiko kama tulivyokulea. Hukukubali mtu mwingine akubebee begi lako.

Redio zilipokuacha zikawafuata vijana wenye suruali za kubana, hukulalamika. Ulianza kuigiza. Ulikuwa dereva wa lori, ukawa sherifu, ukawa mhubiri. Uliyakariri maneno yako jikoni huku babu yako ameshika karatasi na kukusahihisha sarufi.

"Babu, huyu ni dereva wa lori. Hazungumzi hivyo."

"Ni kwa sababu hakuwa na mwalimu."

Kisha ikaja ile filamu ya mgomo wa wachimba makaa wa bonde hili, enzi za Elihu.

Wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kuambiwa walinzi wa kampuni ya makaa walikuwa watu gani. Katika bonde hili, mpaka leo, watoto wakicheza mgomo hakuna anayekubali kuwa mlinzi, na mchezo huharibika hapo hapo. Ni walinzi hao waliomvunja Elihu mguu kwa risasi kwenye ngazi za nyumba yake, na asubuhi hiyo hiyo wakamuua Tolliver Napier, nyumba ya pili kutoka pale. Wewe, mjukuu wa mwana wa Elihu, ulipewa nafasi ya mlinzi aliyefyatua bunduki. Ukaikubali.

Hukuikubali kimyakimya. Uliendesha gari kutoka Nashville, ukaketi kwenye meza ya jikoni mkabala na babu yako, ukamuuliza, "Walisimamaje? Wewe uliwaona."

Aliwaona. Alikuwa mtoto, amejificha nyuma ya pipa la maji. Akakueleza jambo ambalo hakuwahi kulieleza hata kwa mkewe: kwamba yule mtu alipokwisha kumpiga Elihu risasi alimgeukia mama yake babu, aliyesimama mlangoni na unga mikononi, akagusa ukingo wa kofia yake kwa vidole viwili, kwa adabu kabisa, kama anayetoka ibadani. Kisha akaenda zake kwa akina Napier.

"Nionyeshe," ulisema. Babu yako akainuka akakuonyesha. Ulimwomba arudie. Akarudia.

Wenye filamu walitaka kitu kingine. Kwa kuwa ulikuwa mwimbaji, walitaka mlinzi aketi barazani jioni aimbe wimbo mpole, ili watazamaji wamwonee huruma na wimbo uuzwe pamoja na filamu. Ulikataa. Walikutisha kwamba watatafuta mwingine, nawe ukawaambia watafute. Siku hiyo ulimpigia simu babu yako, na maneno yako anayo neno kwa neno:

"Kila ninapoimba, babu, watu hunipenda. Huyu hatakiwi kupendwa. Hataimba kwa koo langu."

Filamu ikatoka bila wimbo. Sauti iliyokulisha maisha yako yote uliifungia kinywani, ili muuaji wa watu wetu asipate hata chembe ya utamu wake. Tunauliza, na tunauliza kwa sauti: ni nani mwingine katika bonde hili aliyewahi kuutolea mgomo ule kitu cha thamani kama hicho?

Lakini ilipoonyeshwa ukumbini mjini, na ukagusa kofia yako kwa vidole viwili, Verna Napier, binti wa Tolliver, aliinuka katikati ya giza akatoka nje. Nusu ya ukumbi ikamfuata. Katika bonde hili, Verna akinuna, hata mbwa hununa. Tangu siku hiyo babu yako aliulizwa dukani, "Mlinzi wako hajambo?" Naye alijibu, "Hajambo, anawasalimu, na anashangaa mlivyomwogopa," kisha akachukua unga wake akaondoka bila kuharakisha mwendo.

Nawe uliporudi nyumbani uliivua ile kofia nyeupe kwenye daraja la kuingilia bondeni, ukaiacha garini. Hatukuiona tena kichwani mwako upande huu wa daraja. Hata kwenye maonyesho ya Agosti uliimba kichwa wazi, juani. Mtu alikupigia kelele kutoka nyuma, "Kofia iko wapi, mlinzi?" Ukaanza wimbo uliofuata.

Mafuriko yalipokuja ulikuja na gambuti na sepetu, bila mpiga picha hata mmoja. Nyumba ya kwanza uliyoisafisha ilikuwa ya Verna. Alikaa barazani akakutazama ukitoa matope jikoni kwake kutwa nzima. Hakukupa maji wala neno. Ulipomaliza ulimwambia, "Nimeiweka saa ya marehemu mama yako juu ya kabati, bibi. Imelowa ila inatembea." Ukaenda nyumba ya pili.

Moyo wako ulisimama ghafla, ukiwa na nguvu zako. Tulikuzika. Waliokuja walitosha kulibeba jeneza, hawakutosha kuimba. Ukoo unalisema hili waziwazi, maana waliobaki nyumbani siku ile wanajijua, na hawakubaki kwa sababu ya mvua.

Sasa inakuja Jumapili ya Kupamba Makaburi. Kama tulivyozoea tangu enzi za Josiah, bonde zima litapanda mlimani, litang'oa magugu, litaweka maua, na kwenye kila kaburi jipya la mwaka litasimama na kuimba kabla ya kwenda kula. Aliyeimbiwa amepokelewa. Asiyeimbiwa amelala kwetu kama mgeni. Habari ikazunguka, bila mtu wa kuimiliki, kwamba kwenye kaburi lako watu watapita wamenyamaza.

Kwa hiyo wiki iliyopita babu yako alivaa koti lake la kanisani, katikati ya juma, akaenda kwa Verna. Alimkuta barazani akichovya maua ya karatasi kwenye nta.

"Ndugu Hobart," alisema bila kuinua macho, "kama umekuja kuniomba, keti. Kama umekuja kunifundisha, shule ilishafungwa."

"Nimekuja kusimama."

"Simama. Magoti ni yako."

"Jumapili nitaanzisha wimbo kwenye kaburi la mjukuu wangu."

"Anzisha. Mlima si wangu." Akalitundika ua moja likauke. "Nani alimfundisha kile cha kofia?"

"Mimi."

Mkono wake ulisimama juu ya sufuria. "Wewe?"

"Mimi, Verna. Niliona. Alimgusia mama yangu kofia, Elihu akiwa bado anavuja damu miguuni pake. Nilikibeba kitu kile peke yangu tangu utotoni, nikampa yeye, naye akakionyesha ili asiwepo mtu wa kusema hakikutokea. Kama ni kosa, nishitaki mimi niliye hai. Nina masikio, yeye hana."

Verna aliikoroga nta mpaka ngozi iliyoanza kushika juu ikayeyuka.

"Alifanya hivyo hivyo kwetu," alisema. "Nilikuwa nimeshika sketi ya mama. Nilipokua nikamuuliza, akaniambia niliota. Miaka yote hii, Hobart, nimejua kwamba niliota. Halafu naingia kwenye ukumbi ule na kumwona mtoto wa Carl amesimama na ndoto yangu."

"Hukuota."

"Sasa najua." Akachukua ua jingine, jeupe. "Siku ya matope alikuja kichwa wazi."

"Hakuivaa tena bondeni humu."

"Nilimwona. Sikumshukuru."

"Hakufuata shukrani."

"Usinijibu kila neno, mzee. Unanichosha." Akalichovya ua, akalitoa, akalitazama. "Sijasema nitaimba."

"Sikukuomba uimbe. Nimekuja kukuambia nitaanzisha."

Babu yako alikuwa ameshashuka ngazi zote alipomsikia nyuma yake.

"Na usiicheleweshe mistari, kama kawaida yako!"

Hilo ndilo tulilo nalo, Garnett, na hatutalipamba zaidi ya lilivyo. Hatujui ni nani atakayefungua kinywa Jumapili. Tunachojua ni hiki: babu yako atasimama kichwani mwa kaburi lako, ameegemea fimbo ya Elihu, na atatupa mstari wa kwanza kwa sauti iliyobaki. Wakiupokea, vema. Wakinyamaza, ataupokea mwenyewe, kisha atatupa wa pili na kuupokea mwenyewe, mpaka beti zote ziishe, na chakula kipoe mezani kikisubiri. Hatutaomba radhi kwa ajili yako. Hukuwa na deni la radhi kwa mtu yeyote katika milima hii.

Wanakukumbuka mama yako Imogene, ambaye bado huacha taa ya baraza ikiwaka kila Jumamosi. Binti yako Tansy, mwenye kidevu chako na ubishi wako. Dada yako Leatha na mumewe Dorsey. Na babu yako, Mwalimu Hobart Stidham, aliyeandika haya kwa niaba ya ukoo. Bibi yako Ola yuko nawe huko, na bila shaka amekwisha kukwambia ule. Jina lako halitakauka vinywani mwetu maadamu mmoja wetu anapumua.

Nanyi vijana wa Bonde la Linden, ambao mnazijua nyimbo zake zote kwa moyo, na mnapunguza sauti ya redio mnapopita mbele ya nyumba za wakubwa wenu: tulieni mnisikilize, kama walivyonisikiliza baba zenu darasani. Mmerithi chuki ambayo hamkuiuliza ilitoka wapi. Aliyeigiza uovu ili muuone, mlimwita mwovu. Jumapili muwe mlimani ifikapo saa nne asubuhi, nguo safi, kofia mkononi. Mstari wa kwanza ukitupwa, msigeuze shingo kutazama mdomo wa nani umefunguka. Upokeeni.